Gunia la debe ngapi? Mawasiliano ya biashara kati ya Handeni na Korogwe

Mkulima wa mahindi wa Handeni siku hizi hana shida ya kupata bei. Anapiga simu Korogwe, anapiga Mkata, anampigia ndugu yake aliye Tandale, Dar es Salaam, na muda si mrefu ana bei tatu za kulinganisha. Lami ya kilomita 65 inaunganisha Handeni na Korogwe, nyingine inashuka Mkata kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera, na kutoka Segera lori linaweza kukata kulia kwenda Tanga au kuendelea hadi Moshi. Mtu angetarajia kwamba simu na lami zikikutana mahali pamoja, mkulima hapunjiki tena. Lakini kila mavuno malalamiko ni yale yale: bei niliyoambiwa siyo pesa niliyoipata. Wengi humalizia hapo kwa kusema wafanyabiashara ni waongo. Mimi nadhani waongo wapo, ila hata wangeondoka wote hasara kubwa ingebaki, kwa sababu ujumbe wa bei unaopita kwenye simu zetu unatoka ukiwa nusu. Unataja fedha na kuacha kipimo.

Sikiliza jinsi simu ya namna hiyo inavyokwenda. "Shikamoo mzee. Huko gunia mnachukuaje?" "Marahaba. Sitini na tatu." "Hapa kuna mtu anasema sitini." "Basi lete huku." Mazungumzo yameisha, na kila upande unaamini wameelewana. Sasa tuseme yule wa elfu sitini anapima gunia la debe sita, na huyu wa elfu sitini na tatu anataka lumbesa ya debe saba, gunia lililoongezewa kipande cha gunia jingine mdomoni kikashonwa kwa kamba. Wa kwanza analipa shilingi 10,000 kwa debe, wa pili 9,000. Mwenye debe 120 ghalani angepata 1,200,000 kwa wa kwanza na takriban 1,080,000 kwa wa pili, na nauli ya kufikisha mzigo huko kwenye bei "nzuri" bado hajaitoa. Hakuna aliyesema uongo. Na hapo bado hatujagusa debe lenyewe, maana debe la mfuto na debe lililojazwa mpaka likafanya kilele hayalingani, na anayepima ndiye anayeamua mkono wake unasimama wapi.

Serikali imelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Tuna Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, tuna Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002, na kanuni inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Maofisa hukagua, faini hutozwa, lumbesa hufunguliwa barabarani. Juhudi hizo nazithamini. Lakini ukaguzi unalikuta gunia limeshashonwa na makubaliano yameshafanyika kijijini, wakati kosa lilizaliwa mapema zaidi, pale muuzaji na mnunuzi walipotumia neno "gunia" kila mmoja akiwa na gunia lake kichwani. Anayetaka kulitibu jambo hili lazima aanzie kwenye mazungumzo.

Utafiti wa nchi nyingine unasaidia kuona simu pekee inaweza nini na haiwezi nini. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha kazi yake kuhusu wavuvi wa Kerala, India, ambako simu za mkononi ziliingia pwani kuanzia 1997. Tofauti za bei kati ya ufukwe mmoja na mwingine zilipungua sana, na samaki waliokuwa wakimwagwa kwa kukosa mnunuzi karibu waishe. Jenny Aker naye alionyesha kwamba nchini Niger simu zilipunguza tofauti za bei ya nafaka kati ya masoko kwa asilimia 10 hadi 16. Matokeo hayo yalishangiliwa sana. Kisha mwaka 2012 Marcel Fafchamps na Bart Minten wakatoa matokeo ya jaribio la Maharashtra, ambako wakulima walitumiwa bei za masoko kwa ujumbe mfupi wa simu, na bei waliyouzia haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Sidai kwamba jaribio hilo linathibitisha habari ya lumbesa. India ina mambo yake. Linaonyesha tu kwamba taarifa ya bei haimnufaishi mtu mpaka aweze kuitumia kufanya uamuzi. Mvuvi wa Kerala alikuwa baharini na samaki wake, akisikia bei ya ufukwe wa pili anageuza mashua, na anajua anachouza ni kilekile anachotaka mnunuzi. Mkulima wa Kabuku, wilayani Handeni, anayesikia "sitini na tatu" hajui ni sitini na tatu ya nini, kwa hiyo hana cha kugeuzia.

Waliobuni mradi wa First Mile hapa Tanzania miaka ya 2000, chini ya IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, kwa fedha za Uswisi, walilielewa hilo mapema. Badala ya kutuma bei tupu walitumia watu walioitwa mashushushu wa soko, mkulima mwenye simu anayekwenda sokoni kuangalia mwenyewe bei ikoje na bidhaa gani inatembea, kisha anawapigia wenzake kijijini. Thamani ya shushushu iko kwenye macho yake. Anaona gunia lenyewe, anaona debe likijazwa, anajua atakaporudi watamuuliza nini.

Kuna pingamizi moja ninalolisikia mara kwa mara, na ni la watu wenye busara: biashara ya kwetu imesimama juu ya kujuana na neno la mtu, mizani na makaratasi ni mambo ya ofisini. Historia ya bonde hili la mto Pangani inasema vingine. Karne ya kumi na tisa misafara kutoka Pangani ilipita hapa ikifuata mto kuelekea Kilimanjaro na Umasaini, na Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliyashusha makao yake Mazinde, chini ya milima, ili awe karibu na njia hiyo ya biashara. Ilikuwa biashara ya mdomo, kati ya watu wa lugha tofauti, wengine hawakujua kusoma. Lakini pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35, karibu kilo 16, na nguo zilihesabiwa kwa doti, yadi nne, sawa na shuka mbili. Neno la mtu lilibeba mzigo kwa sababu vipimo vilikuwa vimekubaliwa kabla hajafungua mdomo. Kujuana kulikuja juu ya kipimo. Sisi tumebaki na kujuana, kipimo tumekiacha kiteleze.

Mfano mzuri zaidi uko Korogwe yenyewe, kwenye mkonge. Tanzania ilipofikia kilele cha uzalishaji katikati ya miaka ya 1960, tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka, mwenye kiwanda cha kamba Ulaya hakuhitaji kuja Magoma au Ngombezi kuona singa. Aliagiza kwa daraja: 3L, UG na mengineyo, kila alama ikiwa na maelezo yake ya urefu, rangi na usafi wa singa. Robota lilifungwa kwa kilo 250, likapigwa muhuri wa shamba lilikotoka. Herufi mbili kwenye telegramu zilitosha kumaliza biashara ya maelfu ya tani, na mzigo ukifika una kasoro, muhuri ulionyesha wa kuulizwa ni nani. Hayo ni mawasiliano ya biashara yaliyokamilika: ujumbe mfupi, maana moja kwa pande zote, na njia ya kudai.

Mkonge huo huo unatufundisha pia kwamba kuandika tu hakutoshi. Ndani ya mashamba hayo mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya siku thelathini. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku ilitiwa alama. Asipoimaliza, haikuandikwa hata kama alishinda shambani na panga mkononi. Mshahara ulikuja kadi ikijaa. Ilikuwa kumbukumbu iliyo wazi kabisa, kila mtu aliielewa, na bado ilikuwa chanzo cha manung'uniko makubwa, kwa sababu aliyeshika kalamu alikuwa upande mmoja tu. Mfanyakazi aliweza kuisoma kadi yake lakini hakuwa na pa kupinga alama iliyokosekana.

Kasoro hiyo inafaa itazamwe upya leo, maana wakulima wadogo wa mkonge wa Korogwe, waliojipanga katika vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vya Hale, Magunga, Magoma, Ngombezi na Mwelya, wako kwenye mnyororo wenye vipimo vinavyobadilika njiani. Shambani kuna fungu la majani thelathini. Majani yakifika kwenye mashine ya korona na kusagwa, katika kila kilo mia hutoka singa kavu kilo tatu au nne tu, mengine ni maji na makapi. Singa zikishakauka na kupigwa brashi ndipo daraja linapojulikana, na daraja ndilo linaloamua bei. Mkulima aliyeona fungu lake likipanda kwenye trela analipwa kwa kilo na daraja ambavyo hakuviona, baada ya makato ya usafiri na usagaji. Hata kama kila hesabu ni sahihi, huyu mtu hana namna ya kuijua kuwa sahihi. Karatasi ya malipo inayoanzia kwenye kilo za singa imeanzia katikati ya habari. Inapaswa ianze na idadi ya mafungu yaliyopokelewa, tarehe na shamba, ndipo ishuke hadi kilo, daraja na kila kato kwa jina lake, na nakala ya mapokezi ibaki kwa mkulima siku ileile trela inapoondoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema tatizo ni nguvu, mawasiliano yanasingiziwa tu. Mnunuzi ana fedha taslimu na lori, muuzaji ana ada ya shule inayodaiwa Jumatatu. Atakubali lumbesa hata akiijua. Nusu ya hoja hii naikubali bila ubishi. Mzani haumpi mtu ada. Lakini angalia kilichotokea Mtwara na Lindi Oktoba 2018, ambako korosho ziliuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo uliowekwa na sheria ya mwaka 2005. Mzigo ulikuwa umepimwa, uko ghalani, bei za wanunuzi zikasomwa mbele ya wakulima kwa kilo, na wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata, pamoja na malipo yaliyochelewa, yana mjadala wake. Ninachokitazama ni ule ukataaji: watu walio maskini kama wa Handeni waliweza kusema hapana kwa pamoja kwa sababu wote walisikia bei ileile ya kitu kilekile. Na kipimo kinamsaidia hata mnunuzi mwema. Leo anayelipa haki kwa gunia la debe sita anaonekana mbaya kuliko wa lumbesa, maana tarakimu yake ni ndogo.

Linabaki suala la gharama. Mzani wa jukwaa si wa kila kaya, na soko moja likianza kupima peke yake lori litahamia soko la jirani. Ndiyo maana ningeanza na ujumbe, ambao ni bure, na ambao unaweza kubadilika Mkata, Kabuku, Handeni mjini na Korogwe katika msimu mmoja. Kiongozi wa AMCOS anayetafuta mnunuzi aseme hivi: mahindi meupe makavu, tani tano, bei kwa kilo, tunapima kwenye mzani wetu mbele ya dereva, malipo kabla lori halijaondoka, jibu mwisho Jumanne jioni. Sentensi moja, na kila kipengele kimezuia ugomvi fulani. Mnunuzi akijibu kwa gunia, aulizwe gunia la kilo ngapi, na asipojibu asihesabiwe kuwa ametoa bei. Kisha aliyepokea ayarudie masharti kwa maneno yake kabla ya kukata simu. Hili wengi wataliona usumbufu, lakini wanalifanya kila siku kwa wakala wa M-Pesa: wengi hulisoma jina kwa sauti kabla ya kuuthibitisha muamala. Mtu anayehakiki jina ili atume shilingi elfu kumi anaweza kuhakiki kilo kabla ya kuachia mavuno ya mwaka, na ujumbe mfupi wenye masharti hayo, uliobaki kwenye simu zote mbili, utamfaa siku dereva atakaposhuka na magunia matupu yenye vipande vya kuongezea.