Baiskeli ya kwanza ya mtoto: kazi ni kupunguza

Baiskeli za watoto kwetu hununuliwa kwa kanuni ile ile ya sare za shule: chukua kubwa, ataikulia. Sweta likizidi unakunja mikono. Baiskeli ikizidi, mtoto anaanguka nayo, anaiogopa, na mwisho wake ni kuegeshwa uani ikisubiri kutu.

Uchambuzi huu unahusu baiskeli moja ya mtumba ya inchi 14, iliyoandaliwa hapa Tanga kwa ajili ya mpwa wangu wa miaka minne. Mji wetu ni tambarare, watu wanaendesha tangu enzi za babu zao, na fundi baiskeli hukosi Ngamiani. Ufundi haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kukubaliana na fundi kwamba karibu kila kitu tutakachofanya ni kutoa, si kuongeza.

Tuanze na kipimo. Muuzaji atakuuliza mtoto ana umri gani, na jibu lako halitamsaidia yeyote. Mvue mtoto viatu, asimame ameegemeza mgongo ukutani, mpitishie kitabu kigumu katikati ya miguu mpaka kigote juu, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye ukingo wa kitabu. Mpwa wangu alitoa sentimita 44. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Zile 12, 14 na 16 ni vipimo vya tairi, havikuambii siti inashuka hadi wapi. Baiskeli mbili za inchi 14 zinaweza kupishana kwa upana wa kiganja. Anayejifunza anatakiwa akae kwenye siti nyayo zote mbili zikiwa chini na magoti yamelegea kidogo. Kwa hiyo siti isizidi 44, na ikipungua hapo kidogo ni bora zaidi.

Siti yetu, ikiwa imeshushwa hadi mwisho, ilikuwa sentimita 49. Mwingine angeirudisha kwa muuzaji. Ukiinama ukaangalia chini yake, unaona sababu mbili. Ya kwanza ni springi: siti nyingi za watoto hukaa juu ya springi mbili nene ambazo, kwa mtoto mwepesi, hazibonyei hata kidogo, zinampandisha tu. Tuliweka siti nyembamba isiyo na springi, ikashuka sentimita 3. Ya pili ni bomba la siti, ambalo lilikuwa refu mno hadi linagota ndani ya fremu. Fundi alilikata kwa msumeno wa chuma, sentimita 3 nyingine zikaondoka. Hapa pana hatari: ukikata bomba upande wa chini, ile alama ya kiwandani inayoonyesha mwisho wa kulipandisha haiaminiki tena. Lazima upige alama mpya. Kwa bomba la milimita 25, acha zisizopungua 65 ndani ya fremu. Mtoto akirefuka, nunua bomba jingine. Halina bei kubwa.

Sasa uzito, ambao wazazi wengi hawauulizi kabisa. Tuliining'iniza baiskeli kwenye mizani, ikasoma karibu kilo 9. Mtoto wa miaka minne ana kilo 16 hivi. Piga hesabu: ni sawa na mtu mzima wa kilo 70 kupewa baiskeli ya kilo 39 na kuambiwa asiogope. Kampuni ya Islabikes, iliyoanzishwa na Isla Rowntree huko Uingereza mwaka 2005, na Woom ya Austria, iliyofuata mwaka 2013, zilijijengea jina kwa kulishika jambo hili moja. Baiskeli ya inchi 14 ya Woom ina uzito wa takriban kilo 5. Bei yake si ya mifuko yetu, lakini wazo ni la bure. Tukatoa kikapu cha waya, keria, stendi, madigadi na vile vigurudumu vya pembeni. “Hivi navyo vinatoka, kaka? Wenzako wanaongeza hela ili wafungiwe,” fundi aliniuliza. Vilitoka. Mizani ikarudi kwenye kilo 7 na ushei. Kava la mnyororo tuliliacha, maana gauni na vidole vya mtoto vina thamani kubwa kuliko gramu chache.

Vigurudumu vya pembeni vinastahili maelezo. Baiskeli hukata kona kwa kulala: ukienda kushoto, wewe na baiskeli mnainama kushoto. Vigurudumu vile vinaizuia isilale, kwa hiyo mtoto anakata kona kama yuko kwenye kigari, mwili ukitupwa upande wa nje. Anakuwa hodari wa kuzungusha pedeli, jambo rahisi, huku akijizoeza kinyume cha lile gumu. Siku vinapotolewa anaanza upya, tena akiwa na mazoea mabaya. Karl Drais alipoendesha mashine yake Mannheim mwaka 1817 haikuwa na pedeli. Alijisukuma kwa miguu, akagundua kwamba magurudumu mawili yaliyopangana yanaweza kumbeba mtu bila kuanguka. Pedeli za gurudumu la mbele zilishika kasi Paris katika miaka ya 1860. Mtoto naye afuate mpangilio huo huo.

Kwa hiyo tukatoa pedeli. Ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, unaifungua kwa kuzungusha spana kuelekea inakozunguka mishale ya saa; asiyejua hilo huikaza mpaka aharibu krenki. Zihifadhi zile zile. Ukitaka mpya, angalia kwanza: krenki ya chuma kimoja kilichopindwa, iliyozoeleka kwenye baiskeli za watoto za bei nafuu, huchukua pedeli za nusu inchi, wakati krenki za vipande vitatu huchukua za inchi 9/16. Haziingiliani.

Magurudumu nayo yana siri yake. Linyanyue moja, lizungushe taratibu, uliache. Likiwa huru litayumba huku na huku, kisha litatulia sehemu nzito, mara nyingi kwenye vali, ikiwa chini. Letu lilikwama vali ikiwa juu: koni zilikazwa kupita kiasi na grisi ilishakuwa gundi. Gololi zilioshwa kwa mafuta ya taa, zikapakwa grisi mpya, koni zikalegezwa kwa robo mzunguko. Pengine hii ndiyo kazi iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote, na mtoto hataijua kamwe.

Breki ndizo zilizotupa mjadala. Baiskeli nyingine za mtumba kutoka Ujerumani hushika breki ukikanyaga pedeli kinyumenyume. Marekani sheria inadai breki hiyo kwa baiskeli za watoto ambazo siti yake, ikiwa chini kabisa, inafika milimita 560 au zaidi. Mimi siipendi kwa anayeanza. Mtoto akiyumba hurudisha miguu nyuma bila kufikiri, na baiskeli inasimama ghafla. Tena hawezi kurudisha pedeli juu ili aanze kukanyaga. Yetu ilikuwa na fraiwili na breki za mkono, afadhali. Tulibadili waya, kisha tukakaza kile kiskrubu kidogo kwenye mkono wa breki hadi vidole vya mtoto viufikie. Hakikisha pia mkono upi unashika gurudumu lipi: Uingereza na Japani wa kulia hushika la mbele, Ujerumani kwa kawaida hushika la nyuma. Woom huupaka rangi ya kijani mkono wa breki ya nyuma ili mtoto aanze na huo. Sisi tuliuzungushia utepe wa kijani.

Mnyororo hatukuugusa. Meno 28 mbele na 16 nyuma yanatosha Tanga. Kwa milima ya Lushoto ningetafuta fraiwili ya meno 18. Upepo jaza kwa pampu ya mkono, tena kidogo, kwa sababu kompresa ya gereji hupasua tyubu ndogo kabla hujasema basi.

Rangi aliichagua mpwa wangu mwenyewe, na kengele pia. Pedeli zilirudishwa alipoweza kuserereka ua mzima miguu ikiwa hewani, wala hakuhitaji kushikwa siti kwa muda mrefu.

Ukienda kununua, nenda na futi ya fundi cherehani na mtoto mwenyewe, uinyanyue baiskeli kwa mkono mmoja kabla ya kuuliza bei. Vigurudumu vya pembeni mwachie muuzaji.