Chambo Kinachong'aa: Nani Anakiona Huko Chini?

Muuzaji wa zana za uvuvi wa kitalii akitaka kukuuzia chambo bandia chenye maandishi ya "UV", hakupeleki baharini. Anavuta pazia, anatoa tochi ndogo ya zambarau, ya aina ileile wanayokagulia noti madukani, anakimulika. Chambo kinawaka kijani au chungwa kali, na wengi hapo ndipo wanapofungua pochi. Mwombe aelekeze tochi hiyohiyo kwenye shati lako jeupe. Nalo litawaka, kwa kuwa sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha nguo. Ulichoshuhudia ni rangi inayomeza mionzi ya urujuanimno na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana kwa jicho la binadamu. Kama samaki anauona urujuanimno wenyewe au hauoni, tochi haijakwambia lolote.

Kwenye rafu moja vimechanganywa vitu vitatu. Kuna chambo kinachoakisi urujuanimno, yaani mionzi yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 400. Hicho huwezi kukiona kikiwaka hata kidogo, maana lenzi ya jicho la mtu mzima huzuia karibu mionzi yote hiyo isifike nyuma ya jicho. Kuna chambo cha rangi ya fluoresenti, hicho kilichokushangaza dukani. Na kuna kinachong'aa gizani baada ya kumulikwa. Viwanda vingi huandika "UV" kwenye aina mbili za kwanza bila kutofautisha, na mimi naona kutotofautisha huko kunawalipa vizuri.

Tuanze na maji yenyewe. Mwanga wa jua ukizama, nyekundu ndiyo inayotangulia kuzimika. Kwenye mita kumi hivi imebaki kidogo sana, na chambo chekundu cha kawaida huonekana cha kijivu au cheusi. Chungwa na njano hufuata. Kwenye bahari kuu yenye maji maangavu, buluu ndiyo inayoshuka mbali kuliko zote. Matangazo husema urujuanimno huipita. Hauipiti. Ile sehemu yake iliyo jirani na zambarau hushuka makumi ya mita penye maji safi, lakini buluu bado inaiacha nyuma. Na maji yakichafuka kidogo tu, hesabu inaharibika kabisa, kwa sababu mabaki ya majani na udongo yaliyoyeyuka majini hunyonya kwanza mawimbi mafupi. Mto Sabaki ukifurika na kumwaga tope lake kaskazini ya Malindi, urujuanimno unakufa juujuu. Anayerambaza sangara katika Ghuba ya Winam kwa chambo cha UV kwenye kina cha mita kumi amenunua kioo cha kuakisi mwanga usiofika.

Halafu kuna jicho. Watafiti Ulrike Siebeck na Justin Marshall walipima macho ya aina 211 za samaki wa miamba ya matumbawe, wakachapisha matokeo mwaka 2001: karibu nusu ya aina hizo lenzi au konea zao huchuja urujuanimno kabla haujafika kwenye retina. Nusu nyingine jicho linaupitisha, ingawa kuupitisha hakuthibitishi kwamba kuna seli ya kuupokea. Mfano uliochunguzwa vizuri zaidi ni trauti wa upinde wa mvua, yuleyule aliyeletwa katika mito ya Mlima Kenya enzi za ukoloni. Akiwa mdogo ana seli za kuona urujuanimno, na zinamsaidia kuwinda vidudu vidogo vinavyoelea majini. Akikua, seli hizo hupungua sana, nyingi zikigeuka kupokea buluu. Kwa hiyo anayekiona vizuri chambo chako cha bei ni yule kitoto utakayemrudisha mtoni.

Isitoshe, urujuanimno hutawanyika mno majini na kuweka ukungu mbele ya macho. Unafaa kuona kidudu kilicho karibu na pua. Kumwita nguru kutoka mbali haufai.

Rangi ya fluoresenti, kwa upande wake, ina faida halisi ambayo muuzaji haitaji, pengine kwa kuwa haina mvuto wa herufi mbili. Haihitaji urujuanimno peke yake. Nyingi huamshwa pia na mwanga wa buluu na kijani, na huo ndio uliobaki kule chini. Chukua vyambo viwili vya rangi ya chungwa, kimoja cha rangi ya kawaida na kingine cha fluoresenti, uvishushe mita 20. Cha kwanza kimekuwa kijivu. Cha pili bado kina rangi, kwa sababu kinameza buluu kinayoikuta na kutengeneza chungwa yake palepale. Kama samaki anaipenda chungwa, hilo ni jambo jingine, lakini kwamba chambo kinatofautiana na maji yanayokizunguka ni hakika, na utofauti huo ndio jicho la mwindaji linaoutafuta kwanza.

Sasa cha kung'aa gizani. Vile vya zamani vilitumia zinki salfaidi, vikafifia ndani ya dakika chache. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilikuja na aluminati ya strontiamu iliyotiwa europiamu, inayoshikilia mwanga kwa saa kadhaa. Hata hivyo saa hizo zisikudanganye: mng'ao huporomoka haraka dakika za mwanzo, kisha unabaki mwanga hafifu unaofifia polepole. Mvuvi makini humulika upya kila anapovuta mshipi, na tochi ile ya noti ndiyo inayofaa kuliko zote, kwani mionzi mifupi huijaza rangi hiyo upesi. Kijani chake huwa karibu na nanomita 520 na buluu-kijani karibu na 490. Mwanga wa viumbe wa baharini wenyewe, ngisi wakiwemo, kwa kawaida huangukia kati ya 470 na 490. Mimi ningechagua hiyo buluu-kijani, hata kama dukani kijani ndicho kinachong'aa zaidi machoni pangu.

Lakini mwanga hafifu unahitaji giza. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika na wa Unguja hawakuhitaji maabara kulijua hili: mwezi ukipevuka, karabai hupoteza nguvu, na wengi hawatoki. Kama mbalamwezi inaishinda taa nzima, chambo kilichopakwa rangi ya kung'aa kitafanya nini saa sita mchana kwenye mita tano?

Mahali pake ni kina kirefu na usiku, na mteja wake mkubwa ni nduaro wa aina ya upanga, Xiphias gladius. Mchana hushinda chini, mara nyingi zaidi ya mita 500. Usiku hupanda karibu na uso wa maji kufuata ngisi. Ana jicho kubwa, na karibu nalo kuna msuli uliogeuka kuwa hita, unaoweka jicho na ubongo joto la nyuzi 10 hadi 15 juu ya maji yanayomzunguka. Mtafiti Kerstin Fritsches na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba joto hilo humwezesha kufuatilia mwendo wa kasi ambao jicho la baridi lingeuona kama ukungu. Boti za Watamu zinazomtafuta usiku huzima injini, huachia mkondo uzisukume, hushusha ngisi mzima kwenye ndoano, na hufunga kijiti cha mwanga kwenye mshipi, juu kidogo ya chambo. Kijiti hicho ni kemikali mbili zinazokutana ukikikunja. Hakichajiwi, na huwaka usiku kucha.

Hapa ushahidi upo. Majaribio ya mishipi mirefu katika Atlantiki ya ikweta, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba vijiti viliongeza nduaro waliovuliwa. Kama anaufuata mwanga wenyewe, au anafuata visamaki vilivyovutwa nao, bado wanabishana. Kwa mwenye boti matokeo ni yaleyale.

Ukiondoka kwenye giza, ushahidi unakonda. Watafiti wa Kanada walijaribu vyambo laini vya rangi mbalimbali kwa besi wa mdomo mkubwa, wakachapisha mwaka 2015: kiwango cha samaki waliovuliwa hakikutofautiana kwa rangi. Simulizi za "kile cha UV kilishinda vyote" kwa kawaida zina kasoro moja: chambo anachokiamini mvuvi ndicho kinachokaa majini muda mrefu zaidi. Anayetaka kujua kwa dhati arambaze na fimbo mbili, kina kimoja, umbo moja, uzito mmoja, akibadilishana ubavu wa boti kila saa, na ahesabu hata saa zilizopita bila kitu.

Vijiti navyo vina gharama isiyoandikwa kwenye bei. Jaribio la maabara la mwaka 2007 lilionyesha kwamba kasa duvi wachanga huogelea kuufuata mwanga wake. Mmoja wa watafiti waliolifanya, John Wang, baadaye alifunga taa za urujuanimno kwenye nyavu za usiku huko Baja California, Meksiko. Kasa huuona mwanga huo, na safari hii mwanga ulisaidia: kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2013, walionaswa walipungua kwa takriban asilimia 40, huku samaki waliokusudiwa wakiendelea kuingia wavuni kama kawaida.