Nukta tatu si mapambo

Wandugu wahitimu, wiki hizi nimesoma sana maandishi yetu. Nukta tatu zimejaa humo kama magugu mu shamba la mihogo. «Siku moja mtaelewa…» «Haya maisha…» Tutaelewa nini? Ukimwuliza aliyeandika, hata yeye hajui. Mimi ni mtu wa udongo, si mwalimu wa lugha, lakini hizo nukta zilisha kunitia aibu mimi mwenyewe, njo maana naandika.

Kwa kazi yangu ya mwisho wa lisansi niliwauliza wauza mboga wa soko la Nyawera, hapa Ibanda, wanatoa wapi lengalenga. Mama mmoja akanijibu: «Tulikuwaka na shamba kule Walungu, mpaka ile siku…» Akanyamaza. Akaendelea kufunga mafungu yake. Mimi nikaandika mu karatasi: «Hana shamba.» Nukta moja. Ikaingia mu tablo, ikageuka asilimia, nikapata pointi nzuri.

Mama hakusema hana. Alisema walikuwa nalo, kisha kuna siku. Hiyo siku ndiyo niliyoifuta.

Kanuni yenyewe ni ndogo. Msemaji akikatika mwenyewe, unaandika «…». Ukimkata wewe, unazifunga nukta mu mabano ya mraba, «[…]», ili msomaji ajue nani alishika makasi. Methali ni jambo lingine: ukianza «Haraka haraka…», mwenzako anamalizia, hakuna kilichopotea. Lakini sentensi ya yule mama, nani angeimalizia? Mimi niliyekuwa na haraka ya kujaza karatasi?

Kuna pia kuacha kusiko na nukta. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010, inaeleza matukio mazito 617 ya hapa Kongo, tangu Machi 1993 mpaka Juni 2003. Inataja majeshi na vikundi. Majina ya watu wanaoshukiwa yamefichwa. Hiyo siri inatuuma wengi hapa Bukavu, nami pia. Hata hivyo ripoti yenyewe inakiri kwamba kuna majina yamewekwa kando. Tablo yangu haikukiri kitu.

Karatasi ningali nayo. Juzi nilikata «Hana shamba» kwa kalamu, nikaandika pembeni maneno ya mama kama alivyoyasema, na nukta zake tatu.