"Mdaiwa" au "Mjibu Madai"? Uhakiki wa Istilahi za Kufungua Shauri la Madai

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya Mahakama ya Mwanzo, ilhali hati za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Basi kazi iliyo mbele yetu si ya kuunda maneno tu. Yatupasa pia kuyapima yale tuliyokwisha kuyazoea, ili tujue kama yanamfikishia mwananchi maana iliyokusudiwa na sheria. Katika makala haya tutayapima machache yanayohusu kufungua shauri la madai.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata ile ya India ya mwaka 1908, yaagiza kwamba shauri lifunguliwe kwa kuwasilisha hati ya madai. Hati hiyo sharti itaje mahakama, majina na makazi ya pande mbili, mambo yaliyozaa madai na wakati yalipotokea, sababu za mahakama hiyo kuwa na mamlaka, thamani ya kinachodaiwa, na kile ambacho mwenye shauri anaiomba mahakama impe. Istilahi nyingi hapa ni nzuri. "Hati ya madai" yajieleza yenyewe. "Ukomo wa muda" nao waeleweka: mwenye madai ya mkataba ana miaka 6 tu, na anayedai ardhi ana miaka 12. Tena "kukaza hukumu" ni istilahi ya kupigiwa mfano, kwani yaonyesha kwamba hukumu isiyotekelezwa ni kamba iliyolegea. Hata "samansi", ijapokuwa ni neno la kuazima, hatuoni haja ya kulifukuza. Mwananchi alijuapo neno, nusu ya kazi imekwisha.

Lakini yapo mawili yanayotutia shaka.

La kwanza ni "nafuu", litumikalo kwa maana ya yale anayoyaomba mwenye shauri. Katika Kiswahili cha kila siku, mgonjwa hupata nafuu na mnunuzi hupata bei nafuu. Aliyedhulumiwa shamba lake haombi nafuu. Anaomba haki yake yote. Neno hili limefasiriwa kutoka Kiingereza bila kutazama maana yake kwetu. "Maombi" yangetosha, na hakuna ambaye angehitaji kuelezwa.

La pili ni zito zaidi, nalo ni "mdaiwa". Mtu asemapo sokoni kwamba fulani ni mdaiwa wake, maana yake ni kwamba fulani ana deni na hajalilipa. Mahakamani neno hilo hilo hutumika kwa mtu ambaye bado halijathibitishwa lolote juu yake. Mtu huyo akipokea samansi yenye jina lake na chini yake neno "mdaiwa", aweza kudhani kwamba mahakama imekwisha kuamua kuwa anadaiwa, na kwamba lililobaki ni kulipa au kujificha. Kumbe sheria inampa siku 21 tangu alipopelekewa wito ili awasilishe utetezi wake kwa maandishi. Akizipoteza kwa kukata tamaa, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja, na hukumu ikatolewa pasipo yeye kusema neno. Hapo kosa la istilahi huwa limemgharimu mtu nyumba au shamba.

Wako watakaotujibu kwamba "mdai" na "mdaiwa" ni jozi nzuri: ni fupi, zatokana na shina moja, nazo zimekwisha kuenea. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ulinganifu wa maneno ni pambo, na usahihi wa maana ndio msingi. Isitoshe, mahakama zetu zimekwisha kutuonyesha njia, kwani katika rufani huyu wa upande wa pili huitwa "mjibu rufani". Kwa nini basi katika shauri la awali asiitwe "mjibu madai"? Jina hilo halimhukumu. Tena lamwambia la kufanya: ajibu. Na "mdaiwa" tungelibakiza kwa yule ambaye hukumu imekwisha kumtaka alipe, mahali ambapo maana ya sokoni na maana ya mahakamani hukutana bila kugongana.

Twapendekeza basi kwamba wanaosanifisha istilahi za sheria wasikutane na wanasheria peke yao. Wamwite pia mkulima, mama lishe na karani wa Mahakama ya Mwanzo, wawasomee samansi, kisha wawaulize wameelewa nini. Neno litakalowatisha bila sababu lirudishwe mezani.