Mgongo Kwanza

Alfajiri, Mambrui, mzee anayepakia punda haanzi na mzigo. Anaanza na mgongo. Anapitisha kiganja kutoka mabegani hadi kiunoni, akilaza manyoya kufuata upande yanakoota. Chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya tandiko, kufikia adhuhuri ishakuwa kidonda.

Anatandika gunia kuukuu lililokunjwa, na juu yake tandiko la usufi. Analiweka mbele kidogo, kisha analivuta nyuma. Halafu huja shogi, mfuko mpana wa ukili wa miyaa ulioshonwa kwa shazia, unaopita mgongoni na kuning'inia huku na huku.

Mzigo ni mchanga, nao unaingia kwa karai: moja kulia, moja kushoto, zamu kwa zamu. Akimaliza analitikisa shogi, anarudi hatua mbili, anatazama. Kushoto kumelala. Anaongeza konzi tatu kulia.

"Punda hasemi, mwanangu. Mtazame masikio."

Namtajia methali: punda afe, mzigo ufike. Anacheka. "Akifa, ataufikisha nani?"

Swali hilo lilijibiwa katika vita vya 1914 hadi 1918. Waingereza na Wajerumani walipopigania Afrika Mashariki, farasi, nyumbu na punda waliingizwa kwa maelfu katika nyika za mbung'o, wakafa kwa nagana, maradhi yanayoletwa na mbung'o hao. Mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Wagiriama wa pwani hii, waliokula kiapo 1913 pamoja na kiongozi wao Mekatilili wa Menza, walikuwa wamekataa kuwapa Waingereza vijana wao. Agosti 1914 Waingereza wakalipua kwa baruti Kaya Fungo, makao yao matakatifu, na waliposhindwa wakaamriwa kutoa wachukuzi 1,000. Jina la kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps kwa Kiingereza, bado lipo: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Maradhi yaliua wachukuzi wengi kuliko risasi.

Mzee anafunga kamba ya tumboni, anapenyeza vidole viwili kuipima. Baada ya hatua mia moja anasimama, anaikaza tena, kwa kuwa punda hujaza pumzi anapofungwa, akaitoa njiani.

Wakifika, anapakua pande zote mbili kwa zamu ile ile. Anaondoa tandiko, anainama. Anatafuta doa kavu katikati ya jasho, maana hapo ndipo uzito ulipobana. Halipo. Mgongo wote umelowa sawasawa.

Ndipo anapokwenda kudai ujira wake.