Utungo wa Watu Wawili: Uhakiki wa Maandalizi ya Maonyesho ya Sanaa ya Nyuzi baina ya Uingereza na Japani

1. Utangulizi

Mhakiki huzoea kuanza kazi yake pale msanii anapoimaliza yake. Hungoja mlango wa maonyesho ufunguliwe, akatazama kilichotundikwa, kisha akatoa hukumu. Maonyesho yaliyoitwa «Through the Surface», yaliyozunguka Uingereza kuanzia mwaka 2004 na kufika Kyoto mwaka 2005, yanampinga mhakiki wa namna hiyo. Wasanii 14 wa nyuzi na nguo, waliogawanywa katika jozi 7 za watu wa Uingereza na wa Japani, waliitwa wafanye kazi pamoja kwanza. Maonyesho yalikuwa tunda la baadaye. Kwa hiyo linalostahili kupimwa ni maandalizi yenyewe: je, yalizaa ushirikiano wa kweli, au yaliweka tu majina mawili ukutani?

2. Njia iliyotangulia

Mawasiliano ya mafundi wa nchi hizi mbili hayakuanza jana. Mwaka 1920 mfinyanzi Bernard Leach alirejea Uingereza kutoka Japani pamoja na Hamada Shoji, wakajenga tanuri huko St Ives. Mwaka uliofuata walimtembelea mfumaji Ethel Mairet kijijini Ditchling, na Hamada akayaona maisha ya mafundi waliochagua kukaa shambani na kuishi kwa kazi ya mikono yao. Urafiki huo ulizaa matunda mengi, lakini uliacha pia mazoea mabaya: kila upande ulimtarajia mgeni awe mjumbe wa mapokeo ya kwao. Mjapani alitakiwa kuleta utulivu na ukale, Mwingereza alitakiwa kuustaajabia.

Lesley Millar, mratibu wa mradi huu, alikuwa amekwisha kuwaonyesha Waingereza kazi za Wajapani katika «Textural Space» mwaka 2001. Hapo Waingereza walikuwa watazamaji. Katika mradi uliofuata aliwafanya wawe watendaji, tena akaongeza sharti lenye busara: katika kila jozi mmoja awe msanii mkongwe na mwingine chipukizi. Kwa mpango huo tofauti ya umri ilikatiza tofauti ya taifa, kama mshindio unavyokatiza mtande. Mwalimu hakuwa daima wa upande mmoja wa dunia, wala mwanafunzi hakuwa daima wa upande wa pili.

3. Katika karakana

Mfano wa kwanza ni jozi ya Machiko Agano na Anniken Amundsen, mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Uingereza. Wote wawili walijulikana kwa kutumia mshipi wa kuvulia samaki. Kwa Agano mshipi huo, pamoja na waya mwembamba, hufumwa kuwa utando mkubwa unaojaza ukumbi na kuchukua mwanga kama ukungu. Kwa Amundsen huwa maumbo yanayokumbusha viumbe vidogo vinavyouvamia mwili wa binadamu. Malighafi ni moja, lakini mmoja anauona ulimwengu na mwingine anaiona chembe. Hapo ndipo penye fundisho: kushiriki uzi si kushiriki wazo, na jozi inayofanana kwa vifaa yaweza kuwa ndiyo yenye umbali mkubwa kuliko zote.

Mfano wa pili ni Junichi Arai (1932-2017), mzaliwa wa Kiryu, mji wa wafumaji, aliyeanzisha NUNO mjini Tokyo pamoja na Reiko Sudo mwaka 1984. Arai alikuwa bingwa wa nyuzi zenye madini na wa kuiharibu nguo kwa makusudi, kwa joto au kwa kemikali, ili ipate sura mpya. Aliunganishwa na mfumaji Tim Parry-Williams. Chipukizi anayeketi karibu na mkongwe wa kiasi hicho ana hatari mbili: kuiga, au kukataa kwa hofu ya kuiga. Maandalizi marefu ndiyo dawa pekee, kwa kuwa heshima ya siku ya kwanza huhitaji muda kabla ya kugeuka mazungumzo.

Mfano wa tatu ni Jeanette Appleton, fundi wa sufu iliyoshindiliwa, na Naoko Yoshimoto, ambaye hutumia nguo zilizokwisha kuvaliwa. Huyu huanza na nyuzi zisizo na historia ya mvaaji. Yule huanza na nguo ambayo mwili wa mtu umekwisha kuiandika. Hawakuhitaji kufanana ili waelewane.

4. Neno na kitu

Kijapani kilipata neno «bijutsu», yaani sanaa bora, mwaka 1872, Japani ilipojiandaa kushiriki maonyesho makubwa ya Vienna. Ufundi ulibaki kuitwa «kogei». Kiingereza nacho huitenga sanaa na ufundi. Kiswahili kilipokea neno «sanaa» kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kazi ya kutengeneza kwa mikono. Aidha, kitenzi «kutunga» ni cha shanga kama kilivyo cha mashairi. Msomaji wa Kiswahili, basi, haoni ajabu mfumaji akiitwa mtunzi. Hata hivyo swali la mtunzi ni nani huwa gumu pale mikono inapokuwa minne.

5. Kasoro

Kasoro kubwa ya mpango wa aina hii iko ukumbini. Wasanii waliandika kumbukumbu za safari yao, zenye mashaka na mabadiliko ya nia. Lakini nguo iliyotundikwa haisemi ni jaribio gani lililotupwa, wala nani aliyekubali kushindwa katika hoja. Mtazamaji asiyesoma kumbukumbu huona umahiri tu, huku jambo jipya kabisa la mradi likimpita. Vitambaa vya majaribio vilistahili heshima sawa na kazi zilizokamilika, kama vile fundi anayenunua darizi anavyoigeuza kwanza atazame mafundo yaliyo nyuma.

6. Hitimisho

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo husomwa kama sifa ya umoja, lakini vidole viwili humvunja chawa kwa kukabiliana, si kwa kuelekea upande mmoja. Ubora wa maandalizi ya «Through the Surface» ni kwamba yaliwapa wasanii muda wa kukabiliana bila kulazimika kufanana. Waandalizi watakaofuata njia hiyo wana deni moja: kumwonyesha mtazamaji si nguo tu, bali na mahali nyuzi zilipokataa kuungana.