Dirisha la Nyumba Nyingine

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliitaja kwa jina milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, ikaitia katika hifadhi ya dola. Na kila mgeni ashukaye Bagamoyo, akipita Mtaa wa India, husimamishwa mbele ya mlango wenye nakshi, akaelezwa habari za maua na minyororo iliyochorwa juu yake. Walakini dirisha la nyumba iyo hiyo, lililo dhiraa chache tu kutoka mlangoni, halina anayesimama kulitazama. Dirisha halina nakshi. Lina papi nyembamba zilizolala mshazari, moja juu ya nyingine, zipitishe upepo na kulizuia jua na jicho la mpita njia, na kwa kazi hiyo ya unyonge limewahudumia watu wa mwambao miaka mingi bila ya kutajwa katika sheria wala katika masimulizi.

Ni kwa ajili ya dirisha hilo, na kwa ajili ya fundi ajuaye kulihamisha, kwamba nimeshika kalamu.

Mwaka 1891 Wadachi waliondoa makao makuu ya utawala wao Bagamoyo wakayapeleka Dar es Salaam, na mji wetu ukabaki na ngome, forodha na kumbukumbu. Sasa mambo yamegeuka kwa namna ya kuchekesha: Dar es Salaam, kwa kutaka maghorofa, inazivunja nyumba zake kuukuu, na milango ya madirisha iliyong'olewa humo hupakiwa garini ikarudishwa kaskazini, mwendo wa kilomita zipatazo 70, kwenda kutafuta ukuta. Nataka nieleweke: simsifu mtu ang'oaye dirisha la nyumba ingali imesimama, huyo kwangu ni mwizi hata akiwa na stakabadhi. Nasema juu ya mbao ambazo nyumba yake imekwisha kuanguka, zilizobakiwa na njia mbili tu, ukuta mwingine au jiko la kuni.

Jozi niliyoinunua mimi ilikuwa ya mvule, kila mlango upana wa futi 2 na urefu wa futi 5, na tundu la dirisha langu lilikuwa futi 3 na inchi 6 kwa futi 4. Hesabu ilionekana nyepesi: kila mlango upunguzwe inchi 3 kwa upana na futi nzima kwa urefu. Fundi wa kwanza niliyempa kazi kama hiyo, katika jozi nyingine kabla ya hii, aliifanya kwa wepesi huo huo. Alipiga mstari, akapitisha msumeno upande mmoja, akaondoka na ujira wake. Kumbe zile inchi 3 alizozikata ndizo upana wa mti wa kando wenyewe, ule uliochimbwa matundu ya kupokea ndimi za miti ya kulala. Na masika ya kwanza yalipofika, dirisha lilifumuka kama mkeka uliokatwa ukingo.

Basi safari ya pili nilikwenda kwa mzee mmoja aliyejifunza useremala ufukweni, katika majahazi, kabla ya kuingia katika nyumba za watu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaupapasa mlango wa dirisha kwa kiganja kama apapasaye mnyama mgeni.

"Ukuta wako unene wake kiasi gani, mwanangu?"

Nilimjibu kuwa sikuleta kipimo cha ukuta, nimeleta cha tundu.

"Basi hujapima kitu."

Nikajifunza siku hiyo jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu umri wangu wote. Nyumba ya kale ya mwambao hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake hufika dhiraa moja na kuzidi, hata milango ya dirisha ifungukapo kwa ndani hujilaza katika ule unene wa ukuta, isimsumbue mtu chumbani. Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji ya inchi 6. Milango ile ikifunguliwa kwa ndani ingempiga kichwa kila aliyekaa kitako. Haina budi ifunguke nje, na ikifunguka nje, bawaba zihame, kulabu za kuishika wakati wa upepo zitiwe ukutani, na wavu wa mbu uwe na fremu yake yenye bawaba kwa ndani, ili mkono upate njia baina ya nondo za dirisha. Fauka ya hayo, ule upapi wa katikati ufunikao mwanya wa milango miwili hupindua amri: mlango uliokuwa lazima utangulie kufunguka sasa ungoje, na uliokuwa ukingoja utangulie. Mzee alicheka alipokuwa akinieleza, akasema kuwa nyumbani kwangu mlango dume na mlango jike wamebadilishana zamu.

Kisha akaanza kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kinyume cha nilivyodhani, maana hakugusa msumeno siku nzima ya kwanza. Alipitisha sumaku juu ya mbao kutafuta misumari iliyozikwa chini ya rangi, kwa kuwa msumari mmoja wa kale hung'oa meno ya msumeno mpya. Rangi yenyewe, nyeupe juu ya samawati juu ya kijani, aliikwangua ikiwa imelowa maji, naye kajifunga kitambaa puani, kwa sababu rangi za zamani aghalabu zilikuwa na risasi ndani yake na vumbi lake ni sumu. Halafu akavitoa vile vijiti vya mti vilivyokaza ndimi katika matundu, kimoja kimoja, kwa nyundo ndogo isiyo na haraka, mpaka mlango ukafunguka wote ukalala sakafuni vipande vipande.

Hapo ndipo siri ilipokaa. Miti ya kando hakuipunguza upana hata kidogo. Alifupisha miti ya kulala, akachonga ndimi mpya kwa patasi, akafupisha papi zote na bao la chini kwa kiasi kile kile, hata upana ukapungua inchi 3 na mifupa ikabaki mizima. Kwa urefu aliondoa papi 8 za juu katika kila mlango, maana kila upapi ulishika inchi moja na nusu, akaikata miti ya kando futi moja kutoka kichwani na kuuteremsha mti wa juu mahali papi zilipokuwa. Na vijishimo vya kale vya papi hizo, vingine vikamezwa na tundu jipya, vilivyobaki vikazibwa kwa vipande vya mvule ule ule, nyuzi zikifuata nyuzi. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua.

Tulitia dirisha mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma. Mzee aliacha mwanya mwembamba kila upande, akaupima kwa sarafu ya shilingi aliyoitoa mfukoni, akaniambia masika yakija mbao itanywa maji na kuuomba mwanya huo. Ukuta wangu, tulivyogundua kwa kupima pembe kwa pembe, haukuwa mraba. Ulikosea karibu nusu inchi. Sikusema kitu, naye kwa adabu hakusema, bali aliiranda kidogo mbao ya juu upande mmoja ikakubaliana na kosa la mwashi.

Jioni nilimwuliza zile papi 16 zilizosalia nizifanyeje. Alikwisha kuzifunga kwa kamba ya katani nyuma ya baiskeli yake. Kuna dirisha Magomeni, akasema, limepungukiwa.